Kisichoandikwa Hakikufanyika: Wanawake wa Kizazi cha Beat, na Sisi

Mimi ni muuguzi, nipo California mwaka wa 11 sasa, na hapa huwa ni msomaji tu. Mijadala ya katiba, uraia pacha na uchaguzi nawaachia wenye koo pana. Lakini leo nimetoka zamu ya usiku na usingizi umekataa, kwa sababu ya kurasa 24 nilizotumiwa kwa barua pepe. Hizo kurasa nitazieleza mwishoni. Kwanza naomba mnivumilie niwapeleke New York na San Francisco ya miaka ya 1950, kwa watu waliosema wamekuja kukata kila mnyororo, kisha mnyororo mmoja wakauacha ulivyo. Makala ni ndefu, mwenye chai aimimine kabisa.

Nilipokuwa nasomea digrii ya uuguzi, tulilazimishwa kuchukua somo moja la nje ya fani. Nilichagua fasihi ya Kimarekani, si kwa mapenzi, bali kwa sababu lilifundishwa jioni na halikugongana na kazi. Humo ndimo nilimokutana na wale wanaoitwa Kizazi cha Beat. Kwa wasiowajua: ni vijana walioanza kukusanyika New York katikati ya miaka ya 1940, wakina Jack Kerouac, Allen Ginsberg na William Burroughs, kisha Gregory Corso akajiunga nao. Marekani ilikuwa imetoka vitani ikiwa tajiri, ina bomu la nyuklia, na inawaogopa wakomunisti mpaka chini ya kitanda. Kila kijana alitakiwa apate kazi ya tai, mke, nyumba na gari, anyamaze. Hawa wakakataa. Wakazurura nchi nzima, wakasikiliza jazi ya Weusi, wakasoma Ubudha, wakavuta bangi, wakaandika bila kuomba ruhusa kwa maprofesa. Shairi la Ginsberg la Howl lilitoka kitabuni mwaka 1956, On the Road ya Kerouac mwaka 1957, Naked Lunch ya Burroughs mwaka 1959. Vijana wa miaka ya 1960 waliofuga nywele na kuipinga vita ya Vietnam walikunywa kwenye kisima hicho.

Nilivutiwa, sikatai. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya "watu watasemaje" akisoma maneno kama yale lazima moyo uruke. Lakini orodha yetu ya vitabu ilikuwa ya wanaume watupu. Nikanyoosha mkono, nikauliza wanawake walikuwa wapi. Mwalimu akajibu kwa upole kabisa kwamba walikuwepo, ila wengi walikuwa wake na wapenzi wa waandishi. Darasa likaendelea. Mimi nikabaki palepale.

Katika uuguzi kuna sheria tunayofundishwa mapema, nyumbani na huku pia: kisichoandikwa hakikufanyika. Unaweza kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa 2 usiku kucha asichubuke mgongo, ukamnywesha uji kwa kijiko, ukamshika mkono anapolia. Kama hukuandika kwenye faili, asubuhi ikifika hukufanya kitu. Mgonjwa atapona, na sifa zitamwendea aliyetia saini. Tangu siku ile ya darasani nimekuwa nikisoma habari za wanawake wa Beat kwa muda wangu mwenyewe, na kila nikigeuza ukurasa naiona sheria hiyo ikifanya kazi.

Tuanze na hiyo On the Road. Hadithi inayopendwa ni kwamba Kerouac aliiandika kwa wiki 3 mwezi Aprili 1951, kwenye karatasi moja ndefu iliyounganishwa kama jora la kitambaa. Sawa. Lakini aliandikia nyumba ya nani, na nani alikuwa akitoka kwenda kutafuta mkate? Alikuwa akiishi na mke wake wa pili, Joan Haverty, na aliyekuwa akienda kazini ni Joan. Mwaka haukwisha wakaachana, Joan akiwa mjamzito. Mtoto wa kike, Jan, alizaliwa Februari 1952, na baba akamkana. Jan Kerouac alionana na baba yake mara 2 tu maishani. Alikua, akawa mwandishi yeye mwenyewe, akatoa riwaya ya Baby Driver mwaka 1981 na Trainsong mwaka 1988, akafariki mwaka 1996 akiwa na miaka 44. Kitabu cha mama yake, Nobody's Wife, kilichapishwa mwaka 2000, miaka 10 baada ya mwenyewe kufariki. Barabara imepata kitabu mapema. Nyumba iliyolipiwa pango ili barabara iandikwe imesubiri karibu nusu karne.

Septemba 1957 riwaya hiyo ilipotoka, Kerouac alikuwa kwa Joyce Glassman, binti wa miaka 21 ambaye baadaye alijulikana kama Joyce Johnson. Walipokutana mara ya kwanza, Januari ya mwaka huo, yeye ndiye aliyemnunulia chakula, maana Kerouac hakuwa na kitu mfukoni. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Septemba walitoka pamoja kwenda kununua New York Times, wakasoma chini ya taa sifa zilizomfanya mwanaume yule kuwa maarufu kabla hakujakucha. Picha hiyo inasimuliwa sana. Kisichosimuliwa ni kwamba binti aliyesimama pembeni alikuwa na riwaya yake anayoiandika. Ilitoka mwaka 1962, ikaitwa Come and Join the Dance, na haikupigiwa ngoma. Ilibidi afike mwaka 1983 ndipo aandike kumbukumbu zake, akaziita Minor Characters, yaani wahusika wadogo. Hilo jina ni kofi la adabu. Kitabu kilipata tuzo ya National Book Critics Circle, na watu wakaanza kuuliza: kumbe mlikuwepo?

Sasa nije kwa wawili ambao nawaonea wivu na huruma kwa pamoja. Hettie Cohen alizaliwa Brooklyn mwaka 1934 katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1958 aliolewa na mshairi Mweusi LeRoi Jones, wakati ambapo ndoa kama hiyo ilikuwa bado kosa la jinai katika majimbo mengi, mpaka Mahakama Kuu ilipofuta sheria hizo mwaka 1967. Baba yake akamkata. Wawili hao wakaanzisha jarida la Yugen, likatoka matoleo 8 kati ya mwaka 1958 na 1962, na shirika dogo la uchapishaji, Totem Press. Wakubwa wa Beat walipita kwenye kurasa zile. Nani alikuwa akipiga taipu, akipanga kurasa, akibandika? Hettie. Nani alikuwa na mshahara, pale kwenye jarida la Partisan Review? Hettie. Nani aliyenyonyesha watoto 2 wa kike? Sitajibu. Mashairi yake mwenyewe alikuwa akiyaandika na kuyaficha. Kumbukumbu zake zilitoka mwaka 1990, na kitabu chake cha kwanza cha mashairi, Drive, mwaka 1998, akiwa bibi wa miaka 60 na ushei. Alifariki mwaka 2024.

Wa pili ni Diane di Prima, mzaliwa wa Brooklyn vilevile, mwaka huohuo 1934. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1958, na waliokichapa ni hao hao Totem Press. Mwaka 1961 yeye na LeRoi Jones wakaanzisha The Floating Bear, gazeti dogo la kudurufu lililotumwa kwa posta kwa waandishi na wasanii. Mwaka huohuo wote wawili wakakamatwa kwa tuhuma za kutuma matusi kwa posta, ila kesi haikufika mahakamani kwani jopo lilikataa kuwashtaki. Na kwa kuwa nimeahidi kusema ukweli sitaficha: Diane alimzalia Jones binti, naye Hettie yuko ndani ya ndoa. Msiniulize nani mbaya hapo. Mimi ninachokiona ni wanawake wawili, mmoja mikono yake ilikitengeneza kitabu cha kwanza cha mwenzake, wote wawili wakafanya kazi ya wanaume watatu, na kwa miaka mingi historia ikawakumbuka kwa sababu ya kitanda cha mtu mmoja.

Kuna kisa Diane alikisimulia kwenye kumbukumbu zake za mwaka 2001 ambacho kila mama anayefanya zamu anakijua hata kama hajasoma kitabu. Usiku mmoja yuko kwenye karamu ya waandishi kwa Ginsberg. Saa ikafika, akaaga, maana alimwahidi yaya atarudi kwa wakati. Kerouac, akiwa amelala sakafuni, akamwambia mbele ya watu kwamba asipoacha kumfikiria yaya hatakuwa mwandishi kamwe. Diane akaondoka. Baadaye alieleza kwamba ile nidhamu ya kurudi nyumbani kwa wakati uliomwahidi mtu, ndiyo hiyo hiyo nidhamu ya kukaa chini na kumaliza shairi. Alilea watoto 5. Aliandika vitabu zaidi ya 40. Mwaka 2009 jiji la San Francisco lilimteua kuwa malenga wake rasmi. Alifariki Oktoba 2020 akiwa na miaka 86. Na aliyemkejeli? Alifariki mwaka 1969 akiwa na miaka 47, pombe imemla ini. Sisemi kwa kumcheka, nimewaosha wagonjwa wengi wa ini. Nasema tu kwamba yaya hakuwa tatizo.

Sasa naomba niseme kama nesi. Elise Cowen alizaliwa mwaka 1933, akasoma Chuo cha Barnard, akawa rafiki wa Joyce Johnson na kwa muda mpenzi wa Ginsberg. Yeye ndiye aliyempigia taipu Ginsberg shairi lake kuu la Kaddish, lililotoka mwaka 1961, ambalo linamlilia mama yake Ginsberg aliyemaliza maisha yake katika hospitali za magonjwa ya akili. Hebu tafakari hapo. Msichana anapiga taipu ugonjwa wa mwanamke mwingine, ukurasa kwa ukurasa, na ugonjwa wake mwenyewe unamnyemelea. Naye alilazwa. Mwaka 1962, akiwa na miaka 28, alijiua akiwa nyumbani kwa wazazi wake. Baada ya mazishi, maandishi yake mengi yaliharibiwa, kwa kuwa ndani yake kulikuwa na habari za bangi na za mapenzi ambazo familia iliona ni aibu. Daftari moja tu lilisalimika kwa sababu rafiki yake, Leo Skir, alikuwa nalo. Mashairi hayo yalikuja kukusanywa kuwa kitabu mwaka 2014. Miaka 52.

Mwaka 1994, kwenye mkutano wa waandishi kule Naropa, Colorado, Gregory Corso aliulizwa mbona wanawake wa Beat hawaonekani. Jibu lake, kwa ufupi, lilikuwa kwamba walikuwepo na yeye aliwajua, ila mwanaume wa miaka ile akiasi aliitwa mwasi, na mwanamke akiasi familia yake ilimfungia hospitali akapigwa umeme. Nimefanya kazi wodi ya akili. Tiba ya umeme ya siku hizi mgonjwa anatiwa usingizi, na wapo niliowaona ikiwainua. Lakini najua pia kwamba mlango wa wodi unaweza kufungwa kwa sababu ya ugonjwa, na unaweza kufungwa kwa sababu ya aibu ya ukoo. Kwa nje milango hiyo inafanana.

Mwingine ni Joan Vollmer. Nyumba yake jirani na Chuo Kikuu cha Columbia ndiyo iliyokuwa baraza la mwanzo la kundi zima, na waliomjua walisema kwa kusoma na kubishana hakushindwa na mwanaume yeyote mle ndani. Tarehe 6 Septemba 1951, mjini Mexico, mume wake William Burroughs akiwa amelewa alitaka kuonyesha shabaha, akalenga glasi juu ya kichwa cha mkewe, akampiga risasi. Alikuwa na miaka 28. Burroughs alikaa rumande siku 13, akatoka kwa dhamana, akaihama nchi, na hukumu ya kifungo cha nje ikatolewa mwenyewe hayupo. Mwaka 1985 aliandika kwamba bila kifo kile asingekuwa mwandishi. Yaani mwanamke amekuwa sababu ya vitabu, yeye mwenyewe hana hata kimoja.

Twende San Francisco. Tarehe 7 Oktoba 1955 pale Six Gallery, Ginsberg alisoma Howl hadharani kwa mara ya kwanza. Walisoma washairi 5, wote wanaume, na mshereheshaji mwanaume. Usiku huo umeandikwa kila mahali. Lakini ukumbi wenyewe ulianzishwa mwaka 1954 na watu 6, na mmoja wao alikuwa mchoraji Deborah Remington. Hatukutajiwa darasani. Mlango umefunguliwa na mkono wake pia, jina limebaki nje.

Mtaani hapohapo Fillmore alikuwepo mchoraji Jay DeFeo. Kuanzia mwaka 1958 alichora picha moja, The Rose, kwa karibu miaka 8, akipaka rangi na kukwangua, akipaka na kukwangua, mpaka ikawa na unene wa ukuta na uzito wa karibu tani moja. Mwaka 1965 alipotakiwa kuhama, ilibidi sehemu ya ukuta chini ya dirisha ikatwe ndipo picha itoke. Rafiki yake Bruce Conner akalipiga filamu tukio hilo. Ikaonyeshwa mwaka 1969, kisha ikawekwa kwenye chumba cha mikutano cha chuo cha sanaa, na hatimaye ukuta ukajengwa mbele yake. Ndiyo, jamani, UKUTA. Watu wakakaa vikao miaka na miaka, nyuma yao iko kazi ya miaka 8 ya mwanamke, na wengi hawajui. DeFeo alifariki mwaka 1989 hajaiona ikitoka. Mwaka 1995 jumba la makumbusho la Whitney la New York likaifungua, likaitengeneza, na leo ni miongoni mwa hazina zake.

Na wale mnaopenda mambo ya haki na sheria, hili ni lenu. Kila mtu anaijua kesi ya Howl ya mwaka 1957, ambapo mchapishaji Lawrence Ferlinghetti alishtakiwa kwa matusi akashinda. Filamu zimetengenezwa. Lakini mwaka 1966 polisi walivamia maduka ya vitabu jijini humohumo, likiwemo duka la Ferlinghetti, wakakamata The Love Book, kijitabu chembamba cha mshairi Lenore Kandel, mwanamke aliyeandika kuhusu tendo la ndoa bila kuinamisha macho. Mwaka 1967 baraza la wazee wa mahakama likasema ni matusi kweli. Uamuzi huo ulikuja kutenguliwa kwenye rufaa. Mwanaume kashinda mwaka 1957, mwanamke kashindwa miaka 10 baadaye, mji uleule, sheria ileile ya uhuru wa maneno. Wangapi mmewahi kuisikia kesi hiyo ya pili?

Najua wapo watakaosema: dada, unalaumu bure, labda hawakuwa waandishi wazuri. Hoja hiyo naiheshimu, na jibu langu ni hesabu. Mwaka 1960 Donald Allen alitoa mkusanyo ulioamua nani ni mshairi mpya wa Marekani, The New American Poetry. Wamo washairi 44. Wanawake ni 4. Di Prima, ambaye tayari alikuwa na kitabu, hayumo. Mtu asipoingia kwenye mkusanyo hafundishwi, asipofundishwa hachapwi tena, asipochapwa tena miaka 30 ikipita tunasema ubora wake haukutosha. Na mashairi ya Elise yaliyoharibiwa tuyapime kwa mizani gani?

Wengine watasema zama zilikuwa hivyo, tusiwahukumu watu wa kale kwa macho ya leo. Hapo nakataa kabisa. Watu hawa umaarufu wao wote ni kwamba walizikataa zama zao! Walikataa kazi, kanisa, jeshi, sarufi, mipaka ya rangi. Mtu aliyeweza kuyaona yote hayo kuwa ni minyororo, akashindwa kuona kwamba kuna mtu jikoni, huyo hakuzidiwa na zama. Jikoni kulimfaa. Nawatendea haki pia: LeRoi Jones alichapa kitabu cha Diane, Skir akalinda daftari, Conner akashika kamera. Kwa hiyo ilikuwa inawezekana.

Sasa mtaniuliza, haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu, na si mimi niliyekileta Kiswahili humu. Mwaka 1965, baada ya Malcolm X kuuawa, LeRoi Jones alimwacha Hettie, akaenda Harlem, kisha Newark. Akafuata mafundisho ya Maulana Karenga, mwanzilishi wa sikukuu ya Kwanzaa ya mwaka 1966, akaanza kuitwa Imamu Amiri Baraka. Mke wake wa pili, Sylvia Robinson, mshairi na msanii, akawa Amina Baraka. Umoja, ujima, ujamaa, kuumba, imani: maneno ya bibi zetu yakawa ngao ya Weusi wa Marekani. Juni 1974 Baraka alifika Dar es Salaam kwenye Mkutano wa Sita wa Pan-Afrika. Mimi hilo linanipa fahari, na sitanii.

Lakini mnajua falsafa yenyewe waliiita nini? Waliiita Kawaida. Na ya kawaida yakatokea. Mafundisho yalimtaka mwanamke awe msaidizi, asiwe sawa na mwanaume. Amina alikuwa miongoni mwa waliokataa. Huku akikataa, aliendesha shule ya watoto ya vuguvugu lao, African Free School, na mwaka 1983 yeye na mumewe wakahariri mkusanyo mkubwa wa waandishi wanawake Weusi, Confirmation. Wangapi kati yetu tunaomtaja Baraka kwa Kiswahili chake tunamtaja na Amina? Mwanaume kabadilisha jina, dini, mji na siasa, kutoka Beat mpaka Uafrika mpaka Umaksi. Kila alikohamia kulikuwa na mwanamke anayeshikilia taa.

Basi nije kwenye zile kurasa 24. Jumuiya yetu huku ilianzishwa mwaka 2004, na sasa inatoa kitabu cha miaka 20 na zaidi ya historia yake. Nimetumiwa rasimu. Ina sehemu ya waasisi: majina 11, wanaume 11, na picha. Kina mama wamo kwenye aya moja, wameshukuriwa kwa "mapishi na uchangamfu". Ndugu zangu, tangu nifike, jumuiya imesafirisha maiti 9 kurudi nyumbani. Wanaume walizungumza na ubalozi, nawapongeza. Lakini nani alipiga simu nyumba kwa nyumba kukusanya mchango? Nani aliosha marehemu wa kike? Nani alilala na wafiwa? Kulikuwa na mama mmoja, Mungu amrehemu, aliyeandika kila mchango kwenye daftari la jalada jekundu, jina kwa jina, dola kwa dola, kwa miaka 14. Daftari lile ndilo lililofanya watu waamini kwamba hela haziliwi. Alifariki mwaka 2019, na wanawe walipohama nyumba daftari likatupwa na makaratasi mengine. Hawakujua. Hakuna aliyewaambia kwamba ile ilikuwa historia. Kwenye rasimu mama huyo hayumo hata kwa jina moja.

Na mnajua kwa nini nimetumiwa rasimu mimi? Si kuombwa maoni. Nimeombwa niipige taipu upya na kusahihisha herufi, "maana dada wewe Kiswahili chako kizuri". Nimecheka peke yangu chumbani mpaka machozi.

Nimejibu asubuhi hii. Nimesema nitaipiga taipu, ukurasa kwa ukurasa, bila malipo, kwa sharti moja: nitaongeza majina 31 ya wanawake niliyoyakumbuka usiku wa leo, kila jina na kazi aliyoifanya, na la kwanza ni la mama wa daftari jekundu. Yakiondolewa, waheshimiwa watajichapia wenyewe. Mwenyekiti kaniandikia kwamba muda umebana, labda toleo lijalo. Nimemkumbusha kwa heshima kwamba toleo lijalo la Elise Cowen lilichukua miaka 52.

Kwenu nyote ninaomba mambo mawili. Kama mama yako, shangazi yako au dada yako ana daftari, la upatu, la ngonjera, la utenzi, la michango ya msiba, usilitupe kabla hujalisoma. Na kina dada wenzangu, tusingoje kuandikwa. Wale wanawake wa Beat tunaowajua leo, wengi tunawajua kwa sababu walikaa chini wakaandika wenyewe, hata kama ni kwa kuchelewa miaka 30. Tuandike na tutie saini, kwa jina kamili, tarehe na saa. Ndivyo tunavyofanya wodini kila zamu, na hakuna anayetuita wenye majivuno.

Naomba kuwasilisha.